Sikio Lililofungwa Mpira

Ndani ya kifuniko cha tangi la gari langu kuna karatasi nyekundu yenye maandishi ya Kijapani. Kwa muda mrefu kila mwanamume wa Lushoto aliyenikuta nikijaza mafuta alinisomea maandishi hayo bila kuombwa. Mmoja alisema ni onyo la kutovuta sigara. Mwingine alisema ni jina la kiwanda. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alishika kiuno, akayatazama kwa makini, akasema, "Hapo, shemeji, wanakutakia safari njema." Nilimshukuru, maana ukimbishia mwanamume wa ukoo ule mbele ya watu, Jumapili utaitiwa kikao.

Aliyekuja kunisomea kweli alikuwa mgeni kutoka Japani niliyempeleka Irente kutazama bonde. Alipoiona karatasi ile alicheka, kisha akaacha kucheka. Akanieleza, kwa Kiingereza chake kidogo na changu kidogo zaidi, kwamba gari hili limetengenezwa linywe petroli ya daraja la juu tu, ile yenye okteni kubwa. Nikamwambia kwetu petroli ni petroli. Akalitazama gari langu kama watu wanavyomtazama bibi harusi anayeolewa mbali.

Niseme okteni ni nini, kwa sababu hapa mlimani neno hilo lina wataalamu wengi kuliko magari. Wanaume wanaoshinda kituo cha mafuta watakuambia okteni ni nguvu, kwamba petroli yenye okteni kubwa ni kali kama pilipili. Si kweli hata kidogo. Okteni ni uvumilivu. Ndani ya injini, petroli na hewa hubanwa pamoja kwa nguvu, halafu plagi hutoa cheche, na hapo ndipo moto unapotakiwa kuwaka. Petroli yenye okteni kubwa hubanwa ikatulia, ikangoja moto uifikie kwa zamu. Yenye okteni ndogo haina subira. Sehemu yake hujilipukia yenyewe ovyo, na mlipuko huo huipiga pistoni kama nyundo. Mafundi husema injini inagonga. Ukisikiliza vizuri ni kama bisi zinazopasuka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Ikigonga sana, pistoni hutoboka, na pistoni ikishatoboka huna gari tena, una banda la kuku lenye vioo.

Na mimi bila gari hilo ni mtu mwingine. Nililinunua mwenyewe, kwa plamsi, peasi na jamu nilizouza miaka mingi nikipakia matenga yangu kwenye magari ya watu, nikiwekwa nyuma pamoja na mbuzi. Ndilo linaloshusha matunda yangu Mombo na Tanga, ndilo linalowapandisha wageni Irente, na ada ya shule ya watoto hutoka humo. Likifa, narudi kubeba tenga kichwani na kubembeleza lifti. Hili nililijua kila nilipogeuza ufunguo. Mume wangu naye alilijua.

Kilicholiokoa gari miaka yote hiyo ni kisanduku kimoja ambacho mafundi hukiita kontroboksi. Ni kompyuta ya injini. Habari zake nilielezwa Tanga, siku taa ya injini iliponiwakia na fundi wa umeme wa magari akachomeka mashine yake. Kwenye mwili wa injini, aliniambia, kumefungwa sensa ndogo kwa bolti, na kazi yake ni moja tu, kusikiliza kama injini inagonga. Ni sikio. Likisikia kugonga kwa kwanza tu, hukipelekea kontroboksi habari, nacho papo hapo huchelewesha cheche kidogo. Kugonga hukoma. Gari hupoteza nguvu, lakini pistoni hupona. Halafu kisanduku hungoja, kikirudisha cheche mbele taratibu, kidogo kidogo, kuona kama mafuta yamekuwa mazuri. Kikisikia tena, hurudi nyuma tena. Hurudi upesi, husonga polepole, na hukumbuka.

Nilikipenda kisanduku hicho, sina aibu kusema. Nilikuwa nakilisha petroli ya kituoni, ambayo haifikii ile ya karatasi nyekundu, na siku mbaya nikikilisha petroli ya chupa, ile ya kandokando ya barabara, ambayo wauzaji huiongeza mafuta ya taa kama mama anavyoongeza maji kwenye mchuzi wageni wanapozidi. Hakikunilaumu. Kilipunguza mwendo, tukafika. Kutoka Mombo kwenda Soni, penye joto na mlima mkali, gari lilikuwa zito kama lina mimba. Nikaweka gia ndogo, nikatulia upande wangu wa barabara, nikaacha malori ya kabichi yanipite. Sikuona ubaya wowote. Kabichi zina haraka, zinaoza.

Ubaya aliuona mume wangu.

Mume wangu ni kiongozi wa matarumbeta ya kanisani. Asiyetoka kwetu huenda haelewi uzito wa jambo hilo. Walutheri wa milima hii hawazaliwi, hawaoi wala hawafi bila matarumbeta, na kiongozi wa matarumbeta huitwa kila mahali na hulishwa kila anakoitwa. Masikio yake yanasifiwa mpaka Bulwa. Katikati ya wimbo, wapigaji wote wakiwa wamevimbisha mashavu, yeye ataunyoosha mkono na kusema, "Tarumbeta ya tatu, umeshuka," na kweli ameshuka, kwa kiasi ambacho wewe na mimi tungehitaji malaika atuonyeshe. Mlango wetu wa jikoni anasema unalia chini kidogo ya pale unapopaswa kulia. Hata jogoo wa jirani amekwisha kumkosoa. Sauti pekee ambazo masikio hayo hayazipati ni zile zenye maneno kama maji yamekwisha, au paa linavuja, au leo zamu yako. Nilidhani ni ugonjwa. Nikawa namwonea huruma.

Basi mtu huyo akikaa kando yangu tukipanda mlima, kila lori la kabichi lililotupita lilimwingia moyoni. Alikuwa anateremka kwenye kiti ili asionekane. Siku moja kondakta wa basi dogo la Mlalo alitoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Kiongozi, shuka usukume, bado kidogo mtafika!" Tulipofika nyumbani mume wangu alisema gari langu linamvunjia heshima.

Nikamweleza habari za sikio na kisanduku. Nilimweleza vizuri, kwa mfano wa kwake: kwamba injini nayo ina kiongozi wake, akisikia mtu ametoka nje ya sauti anapunguza mwendo wa wimbo. Nilifikiri nimepata mfano mzuri. Alinisikiliza kwa upole mkubwa, na sasa najua kwamba alikuwa anajiuliza moyoni bolti ile ni saizi gani.

Kwenye kundi lake yupo mpiga tuba mmoja, lile tarumbeta nene la sauti ya chini, ambaye ndiye huziba nyufa za matarumbeta kwa risasi ya kuchomelea. Kwa kuwa anaweza kuziba tarumbeta, kanisa zima linaamini anaweza kuziba kila kitu: mabomba, redio, jino la mchungaji kama angeruhusiwa. Huyo ndiye aliyeitwa. Alhamisi moja nilipokwenda kwenye ibada ya akina mama, na gari nimeliacha nyumbani, wanaume hao wawili walifungua boneti yangu. Mpiga tuba alitoa hukumu yake kwamba gari ni zima, ila lina woga, na woga wote unatoka kwenye hicho kisikio kinachosikia mambo. Wangekata waya, taa ya injini ingewaka nami ningejua. Kwa hiyo hawakukata. Walikifungua kisikio kwenye injini, na waya wake ukiwa bado umeunganishwa, wakakivingirisha kipande cha mpira wa tairi na kukifunga kwenye chuma cha kushikia betri. Hapo kiliendelea kusikiliza kwa bidii yake yote, kikasikia kimya. Kontroboksi kikaambiwa kila kitu ni shwari.

Mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba wiki ile gari lilipata nguvu za ajabu. Lilipanda kutoka Soni kama linaitwa na mama yake. Mume wangu aliketi wima kwenye kiti akawa anapungia malori mkono. Nilimuuliza kama kuna kitu kimefanyiwa gari. Akasema, "Tumeliombea." Nilipata kusikia kama bisi chache mahali penye kona kali, nikafungua kioo ili nisikilize, naye papo hapo akaanza kuimba sauti ya chini, akifanya mazoezi.

Siku yenyewe ilikuwa sikukuu ya mavuno huko Mlalo. Matarumbeta yetu yalialikwa, na mume wangu alikuwa ameahidi, bila kuniuliza, kwamba usafiri upo. Asubuhi walikuja yeye, mpiga tuba, wapigaji wengine wawili wenye miili iliyoshiba misiba na harusi, na tuba lenyewe, ambalo lilihitaji kiti chake. Kituo cha mafuta kilikuwa hakina petroli. Nikasema tungoje gari la mafuta lije. Wakacheka. Njiani tukasimama kwenye kibanda, mume wangu akanunua petroli ya chupa, akaimimina mwenyewe. Harufu ya mafuta ya taa ilitufuata mpaka ndani.

Baada ya Magamba barabara ilikuwa nzuri kiasi. Palipokuwa na daraja dogo, kabla ya mlima mrefu, nikabadili gia, na injini ikaanza. Haikuwa bisi chache tena. Ilikuwa sufuria nzima.

"Inagonga," nikasema.

"Hiyo ni nguvu," mpiga tuba akasema kutoka nyuma. "Injini ikiwa na nguvu inaimba."

Nikamtazama mume wangu. "Baba watoto, sikiliza. Inagonga."

Akainamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya akitafuta nani ameshuka. Kisha akatazama saa. "Endesha, mke wangu," akasema. "Ibada inaanza. Usinitie aibu mbele ya watu."

Nilikanyaga mafuta taratibu, nikashusha gia, nikafungua vioo vyote. Moyoni nilikuwa nakisihi kisanduku kifanye kazi yake: rudi nyuma, rudi nyuma kama siku zote. Hakikurudi. Sikuelewa kwa nini, na nilianza kuogopa kama mtu anayemwita mwanawe gizani asiitikiwe. Wapigaji wale wawili wakaanza kuigiza mlio ule kwa midomo yao, wakautafutia sauti ya pili. Walipata. Wakafurahi sana.

Tulikuwa karibu na mwanzo wa mteremko wa kuingia Mlalo gari lilipotoa mlio mmoja kama mtu aliyepigwa tumboni, likatetemeka, moshi wa buluu ukajaa nyuma yetu. Nikalisogeza kando likafa mikononi mwangu. Nilishuka nikafungua boneti. Oili ilikuwa imetapakaa kila mahali, na nilijua bila fundi kuniambia. Machozi yalinitoka hapohapo, mbele ya wanaume, na sikuyafuta.

Nyuma yetu likaja lori la kabichi. Mume wangu alilisimamisha kwa mikono yote miwili. Nilidhani analisimamisha kwa ajili ya gari. Wakapakia tuba kwanza, wakaliweka vizuri juu ya kabichi lisikwaruzwe, kisha wakapanda wao. "Nitarudi ibada ikiisha," akaniambia. "Wewe kaa na gari, watu wasije wakaiba betri."

Nikakaa na gari. Palikuwa na jiwe, nikalikalia. Kutoka pale Mlalo inaonekana yote chini bondeni, na kanisa lake. Baada ya muda matarumbeta yalianza, na sauti ilipanda mlimani mpaka kwenye jiwe langu, safi kabisa. Hakuna aliyeshuka. Hakuna aliyepanda. Sijawahi kuwasikia wakipiga vizuri namna ile, na niliwachukia kila mmoja kwa jina lake na kwa chombo chake.

Kwa kuwa niliambiwa nilinde betri, nikaitazama betri. Ndipo nikaona kitu cheusi kimefungwa pembeni yake kwa waya wa shaba, waya uleule unaofungiwa vitufe vya matarumbeta vikilegea, na mwisho wake umetiwa tone la risasi ili usifunguke. Kazi nzuri, ya mtu aliyeona raha kuifanya. Nikafungua kwa kisu cha kumenyea matunda. Ndani ya mpira nikakuta sikio la gari langu, zima, safi, na waya wake bado umechomekwa. Halikuwa limekosa kitu isipokuwa kufunuliwa.

Nilimuuza ng'ombe wangu wa maziwa. Nilipata injini iliyotumika Korogwe, ikafungwa, na bolti ya sikio niliikaza kwa mkono wangu mwenyewe huku fundi akinishikia taa. Gari lilipowaka nilimwambia mume wangu kwamba hatapanda tena. Kabla ya Jumapili habari ilikuwa imefika kwa wazee: mke amemfukuza mume garini. Nikaitiwa kikao.

Tulikaa nyumbani kwa baba mdogo wa mume wangu, mkubwa wa ukoo. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba ya baridi. Wakasema mengi. Shemeji yangu msoma Kijapani alisema tatizo ni petroli ya siku hizi. Mwingine akasema magari ya Japani hayakuzoea milima. Mpiga tuba, aliyekuja kama shahidi na kunywa chai kama mfiwa, alisema yeye alitengeneza kwa nia njema, na kwamba gari lilikuwa na nguvu, watu wote waliona. Baba mdogo alisema hakuna mtu angeweza kujua kinachotokea ndani ya chuma. Injini haisemi. "Kwa hiyo, mama," akaniambia, "wewe jishushe kidogo, umwombe mumeo msamaha, tumalize. Au una neno?"

"Nina swali moja tu, baba," nikasema. "Kwa mume wangu."

Akaniruhusu.

Nilikuwa nimeketi na swali hilo tangu kwenye jiwe. Mtu anayesikia tarumbeta ya tatu imeshuka unywele mmoja, katikati ya harusi, wanawake wakipiga vigelegele. Mtu anayesikia mlango wa jikoni. Nikamgeukia. "Pale darajani nilikuambia inagonga. Ulisikia?"

Alitazama vidole vyake, vile vya kubonyezea. Wote walingoja aseme hapana. Hapana ingetosha. Shemeji yangu alikuwa tayari ameanza kutikisa kichwa kumsaidia.

"Nilisikia kabla ya daraja," akasema.

Baba mdogo alikohoa akauliza kama chai ipo. Mpiga tuba akaweka kikombe chini. Na mimi, niliyekwenda pale na hasira ya kutosha ukoo mzima, niliona hasira yote imenitoka na mahali pake pamekuja baridi. Miaka yote nilimdhania kiziwi wa maneno yangu. Kiziwi ningemsamehe palepale.

Siku hizi nimemruhusu apande, lakini kiti cha nyuma, na tarumbeta lake magotini. Sauti yake imekuwa ya adabu. Tukianza mlima wa Soni na injini ikipasua bisi moja au mbili, yeye huwahi kusogeza kichwa katikati ya viti na kusema, "Mke wangu, inagonga," kama mtu anayelipa deni. Kabla hajamaliza, gari limekwishapunguza nguvu lenyewe na bisi zimekoma. Malori ya kabichi yanatupita. Namjibu kwamba kisanduku kimesikia kabla yake, nacho hakina sikukuu ya kuwahi.